Vifuniko Viwili vya Maji

Kila siku masomo yakiisha, Chiriku alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba yake. Alitundika mkoba ukutani, akavaa aproni iliyomfika magotini, akakaa kwenye kigoda na kuanza kung'oa pini. Baba yake alikuwa fundi makochi. Kochi kuukuu haliwezi kuvishwa kitambaa kipya mpaka livuliwe kile cha zamani, na kitambaa cha zamani hushikiliwa na pini ndogo za chuma, mamia kwa mamia. Chiriku alizing'oa kwa koleo, moja baada ya nyingine, na kuzidondosha kwenye kopo tupu la rangi. Kazi hiyo haikumchosha. Mikono ikishughulika, kichwa hupumzika, na kichwa chake kilihitaji sana kupumzika.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Ni mama yake aliyempachika, kwa sababu utotoni maneno yalimtoka tangu anafumbua macho hadi anayafumba. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mama alikuwa amefariki karibu miaka miwili iliyopita. Jina lilibaki. Maneno yalikuwa yamepungua sana, na watu walidhani ni huzuni tu.

Jumanne moja, mama mmoja aliyevaa suti nyeusi aliingia karakana akisukuma kiti cha ofisini chenye magurudumu. Gurudumu moja lilikuwa limegoma kabisa kuzunguka.

"Fundi, kiti hiki kimenishinda," alisema. "Nikikikalia najiona kama nimepanda punda mkorofi."

Baba alibonyeza kikalio kwa vidole, akacheka. "Hata huyo punda ana nyama kuliko sponji hii. Unafanya kazi gani, mama, hata ukakimaliza kiti namna hii?"

"Mimi ni wakili. Niko ile ofisi ya msaada wa kisheria, jengo la nyuma ya posta. Watu wanakuja na shida zao, mimi nakaa nasikiliza kutwa nzima."

Baba aliacha kucheka. Alichukua futi kamba, akapima mgongo wa kiti, akapima tena palepale alipokwisha kupima. Kisha akauliza bila kumtazama mgeni wake, "Wakili, na mtu akifiwa na mke hospitalini, na mpaka leo hajaelewa kilichotokea, anaanzia wapi?"

"Anaanza kwa kunieleza," wakili alijibu, akakaa juu ya rundo la sponji.

Baba akaeleza. Mke wake aliugua kidole tumbo. Alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, mkoba wake begani. Alipasuliwa asubuhi. "Saa sita mchana waliniambia kila kitu kimekwenda vizuri, nikarudi kazini. Jioni wakanipigia simu nikachukue mwili. Niliuliza sababu, wakasema moyo ulisimama. Nikajiuliza, kwani yupo anayekufa moyo ukitembea?"

"Ilikuwa tarehe ngapi?"

Baba aliitaja. Wakili alifungua kalenda kwenye simu yake, na uso wake ukabadilika.

"Fundi, umebakiwa na siku kumi na tisa."

"Za nini?"

"Za kudai. Sheria ina ukomo wa muda. Nchi nyingine hutoa miaka mitatu, nyingine mwaka mmoja tu. Hapa kwetu, kwa kifo cha namna hii, ni miaka miwili tangu siku ya kifo. Ukichelewa, hakimu anaweza kukwambia pole sana, mlango umefungwa, hata kama haki ni yako."

"Miaka miwili mimi nilikuwa nalia," baba alisema. "Nani anahesabu siku akiwa analia?"

"Najua, na si wewe tu. Lakini sheria inataka jambo lisikilizwe mashahidi wakiwa bado wanakumbuka na makaratasi hayajapotea. Kesho nitakuandikia barua ya kuomba nakala ya faili la mkeo. Tukilipata, tutajua kama kuna kesi au hakuna. Niambie, nani alikuwa naye mchana ule?"

"Huyu binti yangu. Alipita kumwona alipotoka shule."

Wakili aligeuka, akamtazama Chiriku kwa upole. "Basi tutamhitaji atusimulie yote aliyoyaona."

Koleo lilimponyoka Chiriku mkononi. Kwa maana kulikuwa na jambo moja la mchana ule ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote duniani.

Siku ile alimkuta mama amelala peke yake kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Midomo ilikuwa imepauka. "Nifunike, mwanangu, nasikia baridi," mama alimwambia, na hali nje jua lilikuwa kali. Kisha akasema ana kiu. Chiriku alikwenda kwenye meza ya wauguzi. Nesi aliyekuwa pale, bila kuinua kichwa, alimjibu, "Ametoka kupasuliwa, ni kawaida. Na usithubutu kumpa kitu mdomoni." Alirudi. Mama akalalamika tena: kiu, kiu. Chiriku alikwenda mara ya pili, akajibiwa yaleyale. Basi alipoona mama analamba midomo mikavu, alifungua chupa yake ya shule, akamimina maji kwenye kifuniko, akamnywesha. Akamimina kifuniko cha pili. Mama alisema ahsante, akafumba macho.

Jioni ile mama alifariki.

Tangu hapo Chiriku aliamini jambo moja tu: aliambiwa asimpe kitu, akampa, na mama akafa. Aliamka na wazo hilo, akalala nalo.

Alhamisi baba alimpa bahasha mbili. "Hii ni barua, na hii nakala yake. Unapita pale hospitali kila siku. Peleka ofisi ya mafaili, wabaki na barua, nakala waigonge muhuri uniletee. Mimi nina viti vya ukumbi vya kumaliza." Kisha akaongeza, "Na kusema kweli, tangu siku ile miguu yangu haitaki kupita geti lile."

Hospitali ilikuwa na ukuta mweupe na geti la bluu. Chiriku alifika hadi mapokezi. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilimpiga puani, na mara moja akamwona mama analamba midomo. Ofisi ya mafaili ilikuwa mwisho wa ujia. Aliwaza: humo ndani kuna faili, na kwenye faili wameandika. Bila shaka wameandika, mtoto alimpa maji. Wakili atasoma, baba atasoma. Alisimama pale kwa muda, watu wakimpita huku na huku, kisha akageuka na kutoka, kwanza akitembea, halafu akikimbia.

Barua zote mbili alizichomeka katikati ya kurasa za atlasi yake.

"Wamepokea?" baba aliuliza alipofika.

"Wamepokea," alisema Chiriku. "Nakala wamebaki nayo. Wamesema watakupigia simu."

Hakuwahi kumdanganya baba kwa jambo kubwa. Alishangaa jinsi baba alivyoamini kirahisi, akarudi kwenye viti vyake akipiga mluzi, mtu aliyeanza kuwa na tumaini.

Kuanzia siku ile, hofu ilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maji. Ya pili ilikuwa ya kalenda iliyotundikwa karakana juu ya cherehani, ambayo baba aliichora alama ya msalaba kila jioni. "Hawajapiga," alisema baba siku ya kwanza. Siku ya tatu akasema, "Labda wana kazi nyingi." Siku ya tano aliitazama tu simu iliyokuwa juu ya meza, akaigeuza kifudifudi, akaigeuza tena.

Shuleni, Chiriku alimwuliza rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, msichana aliyeitwa Miwani kwa miwani yake minene. Miwani alikuwa na jibu la kila swali, hata la yale asiyoyajua.

"Eti, mtu akimpa mgonjwa kitu alichokatazwa na daktari, halafu mgonjwa akafa, anafanywa nini?"

"Jela," alisema Miwani akichonga penseli. "Moja kwa moja. Hata mdahalo hakuna."

"Hata kama ni mtoto?"

"Mtoto wanamsubiri akue, ndio wanamfunga." Akapuliza vumbi la penseli. "Kwa nini unauliza?"

"Basi tu."

Chiriku hakula chakula cha mchana siku ile. Kila gari lililosimama nje ya shule lilimshtua, akidhani limemfuata yeye.

Alhamisi iliyofuata wakili alikuja kuchukua kiti chake. Alikikalia, akazunguka mara moja, akasifu kazi. Kisha akauliza habari za faili. Baba akatikisa kichwa.

"Hawajapiga?" Wakili alisimama. "Fundi, zimebaki siku kumi. Na tarehe yenyewe inaangukia Jumapili. Wengine watakwambia Jumatatu itakubaliwa, lakini mimi siwezi kucheza na haki ya mtu kwa kubahatisha. Kwangu mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa tisa, dirisha la mahakama linapofungwa."

Mishipa ya shingo ilimsimama baba. "Wanatuchezea! Kesho nakwenda mwenyewe. Chiriku, ukitoka shule utanikuta getini. Utanionyesha huyo uliyempa."

Chiriku alitaka kusema. Badala yake akarudi kwenye kigoda, akashika koleo.

Ijumaa saa nane mchana baba alikuwa amesimama nje ya geti la bluu, amevaa shati lake la kwendea kwenye shughuli. Uso ulikuwa umekakamaa. Alimshika Chiriku mkono, na Chiriku akahisi kiganja cha baba kimelowa jasho. Baba naye alikuwa anaogopa. Wakapita.

Ofisi ya mafaili ilikuwa chumba kirefu chenye rafu hadi darini. Nyuma ya kaunta alikaa karani mwembamba, mtu mzima, mwenye kofia ndogo ya mpira kwenye kidole cha shahada, ya kufunulia kurasa.

"Nimefuata jibu la barua yangu," baba alianza. "Ililetwa Alhamisi ya wiki iliyopita."

Karani alifungua daftari kubwa, akashuka na kidole chake cha mpira mstari kwa mstari. "Alhamisi tulipokea barua sita. Yako haimo, mzee wangu."

"Tazama vizuri."

Akatazama. Akalipindua daftari ili baba naye aone. "Haimo."

"Mmeichana!" Baba alipiga kaunta kwa kiganja. "Mke wangu amefia humu, na sasa mnataka na haki yake ifie humuhumu! Binti yangu aliileta mwenyewe!"

Watu waliokuwa kwenye benchi waligeuka. Mlinzi alikuja mbio. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mkuu wa ofisi, mwanamke mwenye sauti kavu. "Kuna nini hapa? Karani, umepoteza barua ya mtu?"

"Hapana, bosi, barua haijafika."

"Huyu bwana anasema ililetwa. Kama imepotea mikononi mwako, leo leo nitakuandikia barua ya kusimamishwa kazi."

Karani alianza kupekua daftari upya, ukurasa kwa ukurasa, ingawa alijua hakuna kitu, na kile kidole chenye mpira kilikuwa kinatetemeka. Chiriku alikitazama. Alikuwa amekaa na woga wake siku nyingi hata akaujua kama mtu anavyojua viatu vyake. Sasa aliuona kwa mtu mwingine, mtu ambaye hakufanya kosa lolote.

Akapiga moyo konde.

"Baba," alisema. "Hakuipoteza. Ninayo mimi."

Alitoa atlasi mkobani, akazichomoa bahasha mbili na kuziweka kwenye kaunta.

"Chiriku," baba alisema polepole. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mimi niliyemuua mama. Nesi alinikataza kumpa kitu, nikampa maji. Niliogopa mtasoma kwenye faili." Na hapo kilio alichokizuia miaka miwili kikamtoka chote.

Baba alikaa chini kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu. Hakupiga kelele. Hakumwinulia mkono. Alimtazama tu.

Karani alivuta bahasha kwa upole, akainyoosha barua kwa kiganja, akaandika kwenye daftari, akagonga muhuri mara mbili, kwenye barua na kwenye nakala. "Kwa kawaida tunahitaji siku saba za kazi," alisema. "Nitajitahidi Jumatano ikute faili mezani."

"Nisamehe, mzee," Chiriku alimwambia akifuta kamasi kwa mkono wa sweta.

"Umesema kabla sijafukuzwa," karani alijibu. "Hilo nitalikumbuka." Kisha akamgeukia baba. "Na wewe mzee wangu, usimpige."

"Simpigi," baba alisema.

Walitembea hadi nyumbani. Walipofika, baba aliwasha jiko, akachemsha chai, akamimina vikombe viwili, akakaa mbele yake.

"Baba, ni mimi?" Chiriku aliuliza. "Ni maji?"

Baba alisogeza kikombe chake pembeni. "Sijui, mwanangu. Ningependa kukwambia hapana, lakini sijui, na sitakudanganya kwa jambo hili. Tutamuuliza anayejua. Lolote atakalosema, tutalisikia pamoja, mimi na wewe."

Jumamosi na Jumapili zilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Chiriku alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Alifagia karakana mara tatu. Mara nyingine alimkamata baba akimtazama, na asijue anachokiwaza.

Jumatatu walikwenda ofisini kwa wakili. Wakili hakumgombeza. Alimwuliza tu, taratibu, na kila jibu akaliandika. Uliingia wodini saa ngapi? Mama alikuwa na hali gani? Mikono yake je? "Baridi, na imelowa jasho," alisema Chiriku. Nesi alikuja kumpima mara ngapi?

"Hakuja hata mara moja."

Kalamu ya wakili ilisimama. "Una hakika?"

"Nilikaa tangu saa tisa na robo mpaka walipotutoa saa kumi na mbili. Nilikwenda kwa nesi mara mbili. Yeye hakuja."

"Na ulipoingia, uliandika jina mahali?"

"Kwenye kitabu cha wageni, mlangoni. Kila mtu anaandika."

Wakili alichukua karatasi nyingine papo hapo, akaandika barua ya kuomba nakala ya ukurasa ule wa kitabu cha wageni. Safari hii baba aliipeleka mwenyewe.

Karani alitimiza ahadi. Jumatano jioni faili lilikuwa mkononi mwa baba, na ndani yake ule ukurasa wa wageni. Alhamisi wakakutana tena ofisini, na safari hii alikuwepo daktari mstaafu, bibi mwenye sweta la kijivu aliyepasua wagonjwa kwa miaka thelathini. Wakili alikuwa amemwomba asome.

Alisoma kwa muda mrefu. Chiriku alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono kati ya magoti. Alijaribu kusoma uso wa yule bibi, lakini ulikuwa hauonyeshi kitu.

Hatimaye daktari alivua miwani. "Huyu ndiye aliyempa maji?"

"Ndiye," alisema wakili.

"Njoo hapa, mjukuu wangu. Yalikuwa kiasi gani?"

"Vifuniko viwili," Chiriku alinong'ona. "Vya chupa."

"Alipaliwa? Alikohoa? Alitapika?"

"Hapana. Alisema ahsante."

"Basi nisikilize vizuri. Nakwambia kama daktari, sikubembelezi. Aliyetoka kupasuliwa hukatazwa maji kwa muda, asije akatapika au akapaliwa. Mama yako halikumpata hata moja kati ya hayo. Waliuchunguza mwili wake, na taarifa yenyewe iko humu, ingawa hakuna aliyemwonyesha baba yako. Alikuwa anavuja damu ndani ya tumbo, mahali alipopasuliwa. Kiu ile, baridi ile, jasho lile, ndivyo mwili unavyolia damu ikipungua. Maji yako hayakumuua. Yalimpoza midomo, basi."

Chiriku alimtazama tu. Maneno yalikuwa yameingia masikioni, lakini yalichelewa kufika moyoni.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Wewe peke yako ndiye uliyeona kuwa kuna tatizo, ukaenda kuita mara mbili." Daktari alivaa miwani yake tena, akawasogezea karatasi. "Sasa tazameni hapa. Presha yake, saa tisa, mia moja na ishirini kwa themanini. Saa tisa na nusu, hivyohivyo. Mpaka saa kumi na mbili, mara saba, namba ileile na wino uleule. Mtu anayevuja damu presha yake haitulii hivi. Hizi namba hazikupimwa, ziliandikwa tu. Na hapa wameandika kwamba mgonjwa hakulalamika, na hakuna ndugu aliyekuwepo."

Wakili aliweka juu yake ule ukurasa wa kitabu cha wageni. Katikati ya majina ya watu wazima kulikuwa na mwandiko wa mtoto, herufi kubwa za duara: jina la Chiriku, saa ya kuingia, saa tisa na robo.

Baba aliinama, akafunika uso kwa mikono. Kisha akamvuta Chiriku, akamkumbatia kwa nguvu hata kitambulisho cha shule kikamchoma kifuani. Wakalia wote wawili, na wakili akatoka nje kidogo akijifanya anatafuta kalamu.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Ijumaa, saa nane mchana, hati ya madai ikiwa bado kwenye kompyuta ya mkononi ya wakili, haijachapwa, umeme ulikatika. Wakili aliinakili kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia, wakakimbilia duka la vifaa vya shule lenye jenereta. Mashine ya kuchapa ilitafuna karatasi mbili kabla haijakubali. Walifika mahakamani zimebaki dakika kumi na mbili. Kwenye dirisha la kupokea mashauri, mtumishi aliyekuwa anakusanya vitu vyake alifunua kurasa, akasimama.

"Ukurasa wa nne mdai hajasaini."

Baba alipokea kalamu. Alisaini. Mtumishi alitazama saa ya ukutani, akavuta muhuri, akagonga.

"Limepokelewa."

Chiriku aliisoma tarehe ya muhuri mara mbili.

Ilipita miezi minane. Hospitali iliomba mazungumzo badala ya kesi ndefu. Katika chumba cha mikutano, daktari mkuu alisoma barua kwa sauti: ni kweli mgonjwa hakupimwa mchana ule, ni kweli karatasi ilijazwa baadaye, na hospitali inaomba radhi. Walikubali kulipa fidia, ambayo sehemu yake iliwekwa kwa ajili ya masomo ya Chiriku. Walikubali pia sharti la baba kwamba kila kitanda cha wodi ile kiwekwe kengele, na kila mgonjwa aliyepasuliwa apimwe mbele ya muuguzi wa pili.

Walipotoka, baba na binti walikaa kwenye ngazi za nje, barua ile imelala mapajani mwa baba.

"Baba, ingekuwaje kama ile Jumapili ingepita kabla hatujadai?"

"Tungekosa kesi. Na ningekukasirikia, sikufichi. Pengine siku nyingi." Baba aliikunja barua. "Lakini wewe ungekua mpaka uzeeni ukiamini ulimuua mama yako. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Tulikosea wote wawili," baba aliendelea. "Mimi niliogopa geti, nikamtwika mtoto kazi yangu. Nilikuwa na maswali miaka miwili, sikumuuliza mtu, kumbe siku zinahesabiwa. Wewe uliogopa barua, ukaificha, ukasema uongo, mtu asiye na hatia nusura afukuzwe. Kuogopa si kosa, mwanangu. Lakini jambo likikutisha, mwambie mtu mzima unayemwamini siku ileile, ili uwepo muda wa kulishughulikia. Ukilificha, unauficha na muda wenyewe. Na jambo usilolielewa, uliza mapema, andika tarehe, tunza karatasi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Kuna lingine lolote ambalo hujaniambia?"

Chiriku alifikiri. Kisha taratibu akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Jaribio la hisabati," alisema. "Nimepata ishirini na tisa kwa mia."

Baba aliikunjua, akaitazama juu, akaitazama chini. "Lini mmepewa?"

"Jana."

"Na mtihani wenyewe?"

"Mwezi ujao."

Baba alisimama, akapangusa vumbi kwenye suruali, akampa mkono ainuke.

"Basi muda tunao," alisema. "Twende nyumbani, unionyeshe ulipokwama."